Muulize Shangazi: Nataka Kimya, Nitakipata Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia hapa Tanga zinalia kilio kimoja, kelele. Watu wamechoka jamani. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana najua walioko kwenye hali hiyo ni wengi mno na wengine hawana hata wa kumwambia, wanavumilia tu. Majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 34, kwetu ni Kisiwani, kule njia ya kupandia msitu wa Amani, wilaya ya Muheza. Nimekaa Dar miaka mingi sasa, nauza simu Kariakoo na naishi Mbagala. Naamka saa kumi alfajiri niwahi gari, narudi saa tatu usiku, na hapo ninapokaa upande mmoja kuna baa inapiga muziki mpaka usiku wa manane, upande wa pili kuna fundi wa kuchomelea mageti. Zamani nilikuwa sijali ila siku hizi nikisikia honi tu moyo unaenda mbio, nawagombeza watoto bila kosa, na usiku ili nipate usingizi naweka hedifoni nasikiliza sauti ya mvua na mto kwenye simu. Waifu kaniona kasema hayo ni mambo ya kizungu, mwanaume mzima unalilia msitu. Shangazi mi naota mto Zigi, naota ile baridi ya asubuhi na harufu ya iliki ikianikwa, natamani niache kila kitu nirudi. Ila nikiwaza kwenda hata kusalimia tu nashindwa, nitaenda na nini? Mara ya mwisho nilienda kwa msiba. Wenzangu wamejenga, mi sina cha kuonesha. Je huu ni ugonjwa? Na nikiacha kazi nikarudi nitakuwa nimekosea?
Mtoto wa Kisiwani, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo la kizungu tuliondoe kabisa. Wewe umezaliwa kwenye maji yanayopita juu ya mawe usiku na mchana, masikio yako yamelelewa na hondohondo na mbega, leo umewekwa kati ya baa na fundi mageti, kwenye mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, halafu uambiwe unajifanya? Hujifanyi. Una hamu ya kwenu, na hamu ya kwenu sio ugonjwa wala sio udhaifu wa kiume.

Kama waifu anataka na ya wataalamu basi msomee haya. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani anaitwa Roger Ulrich alichapisha kazi yake, alichukua kumbukumbu za hospitali moja kule Pennsylvania za watu waliofanyiwa operesheni ya kutolewa kifuko cha nyongo, akawalinganisha wawili wawili, mmoja dirisha lake linatazama miti na mwenzie linatazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa mapema zaidi na hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu. Dirisha tu hilo, hawakukanyaga msitu. Halafu 2019 ukatoka utafiti wa Uingereza wa watu karibu 20,000, ukakuta kwamba wanaopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili, iwe bustani, msitu au ufukwe, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema afya zao ni nzuri na wanajisikia vizuri kuliko wasioenda kabisa, na haikujalisha kama dakika hizo umezipata kwa mkupuo au umezigawa gawa. Hilo la kugawa gawa lishike, ntalirudia huko chini.

Ila moyo kwenda mbio na usingizi kukatika usiuachie msitu peke yake mwanangu. Nenda kituo cha afya ukapime presha, umweleze daktari hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, na zile hasira kwa watoto umwambie pia usione haya. Fanya hilo wiki hii hii, kabla ya mengine yote.

Sasa nije penyewe. Umeandika mambo mengi lakini neno lililonishika ni hili, "nitaenda na nini". Kinachokutenga na Kisiwani sio umbali. Basi la Dar kuja Tanga linapita Chalinze, linapita Segera, linakushusha Muheza kabla hata halijafika huku kwetu, ukitoka asubuhi mchana uko Muheza. Kinachokutenga ni aibu, na aibu hiyo sio yako peke yako, tumeilea sote. Tumezoea kwamba mtu wa mjini akirudi lazima arudi na mabati au na gari, asiye navyo anasubiri msiba ndio apate sababu ya kwenda, na msibani hakuna kimya hata kidogo, ni turubai, ni watu, ni masufuria, usiku huo huo au kesho yake unakimbilia basi. Kwa hiyo miaka inapita mtu hajaukanyaga mto wa kwao akiwa ametulia hata mara moja! Hilo linaniuma kweli. Mzee wako au mama yako kama wapo hawasubiri bati, wanakusubiri wewe. Chukua sukari kilo mbili tatu na sabuni, majani ya chai usibebe maana yanalimwa huko huko juu Kwamkoro na Bulwa, panda basi uende. Nenda kipindi ambacho hakuna shughuli, hakuna harusi, hakuna arobaini.

Na ukifika usijipangie kuzunguka ukoo mzima siku ya kwanza. Lala. Asubuhi shuka mtoni ukae. Siku inayofuata panda mpaka Sigi pale kwenye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, lipa kiingilio cha hifadhi kama raia mwingine yeyote, uingie kwa miguu. Najua umezaliwa hapo lakini nina hakika kuna vijia hujawahi kuvipita, sisi wenyeji tunapita msituni tukiwa na mzigo kichwani, hatuingii kukaa. Huko juu kuna bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha 1902, kuna miti ililetwa kutoka pembe zote za dunia na bado imesimama. Magari ya kupanda Amani ni machache kwa hiyo kama utaenda mpaka juu uliza saa mapema ukiwa bado Muheza, na masika, yaani Machi mpaka Mei, kama unaweza iepuke, ile barabara unaijua ikishalowa.

Kuhusu kuacha kazi, mimi nasema usiache sasa. Ntakwambia kwa nini na unisikilize vizuri maana sikuambii ubaki Dar milele. Kimya unachokiota ni cha mtoto ambaye alikuwa anapikiwa. Mtu mzima anayeishi kule anasikia vitu vingine, anasikia mgonjwa amezidiwa usiku na gari hakuna, anasikia bei ya iliki imeshuka, anasikia watoto wanadai ada. Halafu ardhi. Upande mmoja kuna hifadhi, upande mwingine mashamba ya chai, vijiji viko katikati, na vijana wanaotaka pa kulima ni wengi. Watu wanaishi kwa pilipili manga, mdalasini, karafuu, iliki, ng'ombe wa maziwa mmoja wawili. Kila kimoja kinataka shamba na kinataka miaka. Iliki wewe unaijua kwa harufu, mi ntakukumbusha na upande wake wa pili, inapenda kivuli cha msitu, zamani watu walikuwa wanaacha miti mikubwa wanafyeka yote ya chini wapande iliki, udongo ukichoka wanasogea mbele, na ile miti mikubwa ikifa hakuna midogo ya kushika nafasi. Sasa wewe ukirudi kwa pupa, huna mtaji, huna shamba, kitu cha kwanza utakachokishika ni panga. Utakuwa umeufuata msitu halafu uufyeke.

Na mimi hapo nina haki yangu ya kusema, maana huo mto Zigi unaouota unashuka mpaka kwenye bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndio maji yanasafishwa yanaletwa mjini. Nikifungua bomba hapa nyumbani nateka maji ya kwenu. Amani ikikauka Tanga nzima inakauka, kwa hiyo ule msitu kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997 wengine walinung'unika na baadhi walikuwa na haki ya kunung'unika kwa yale mashamba waliyoyaacha, lakini mimi nashukuru upo.

Kwa hiyo fanya hivi, panga na waifu kwamba kila mwaka likizo moja ni ya Kisiwani, sio ya msiba, na mwende naye. Usimweleze, mpeleke. Mtu wa mjini ukimwambia habari ya ukungu wa asubuhi anaona unaota ndoto, akiamka ameshika kikombe cha chai ya maziwa nje ya nyumba na hakuna spika hata moja atakuelewa bila wewe kusema neno. Mkikaa huko likizo mbili tatu za kweli kweli ndio mtajua kama mnataka kurudi jumla, na mtakuwa mmeshajua ni shamba gani, bei gani, shule iko wapi.

Na huku katikati ya likizo hadi likizo ndio zile dakika 120 zinaingia. Unafanya kazi Kariakoo, hapo kwa miguu unafika Posta kwenye bustani ya mimea jirani na Makumbusho ya Taifa, nayo ni ya zamani, ya mwaka 1893, miti yake mikubwa ina kivuli kizito. Saa ya kula nusu saa, siku nne kwa wiki, zimetimia. Simu iache dukani. Jumapili moja moja wachukue watoto mpaka Pugu, mkifika Gongo la Mboto mmeshakaribia, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni msitu wa kweli wa pwani sio bustani, watoto wako hawajawahi kusikia jani likidondoka, wapeleke wasikie. Hedifoni endelea nazo ila punguza sauti. Na yule fundi mageti nenda kaongee naye mchana akiwa hana mteja, muulize kama saa mbili usiku anaweza kufunga, mara nyingi watu hawa hawajawahi hata kuambiwa kwa upole.

Ukienda niandikie mwanangu, nataka kujua mto umeukuta vipi.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Mi ni mama wa watoto wanne nipo hapa hapa Tanga, Ngamiani. Nauza vitumbua na mbaazi asubuhi, mchana naosha vyombo na kuandaa vya kesho. Kila saa ni bodaboda, spika za matangazo, watoto, wateja. Nikimwambia mume wangu nataka nikae mahali kimya hata saa moja ananicheka anasema Tanga yenyewe ndio hii imelala, unataka kimya gani tena. Hela ya kwenda hotelini sina. Niende wapi mimi?
Mama Vitumbua

JIBU: Mamangu pole na hongera kwa kazi. Hao wanaosema Tanga imelala wanaongelea zamani. Malori ya bandarini yameongezeka, kule Chongoleani ambako tulikuwa tunakujua kwa samaki na mikoko ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, na kila anayekuja na kazi hizo anataka kitumbua asubuhi, kwa hiyo wewe ndio umeupokea huo mji mpya mlangoni kwako kabla ya mumeo. Kimya unachokitaka ni haki yako.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na bahari maana haina kiingilio. Ukishamaliza biashara saa nne hivi teremka mpaka bustani ya Jamhuri, kaa kwenye kivuli uangalie bandari na kisiwa cha Toten pale mbele. Usifanye kitu. Kuna wanawake wanashindwa kukaa bila kazi mkononi, wanabeba ukili wasuke, hata huo nao acha nyumbani siku za mwanzo. Ukitaka kuoga au kulowesha miguu Raskazone ni kuzuri asubuhi, ila tazama maji, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, bahari inatoka mbali sana utakuta tope na mawe tu, muulize mvuvi yeyote atakwambia maji yanajaa saa ngapi. Nenda na shoga yako mmoja asiyependa kuongea sana.

Siku ukipata nafasi kubwa kidogo, mwende Amboni. Kilomita nane tu kutoka mjini, watu wa mbali wanapanda ndege kuja kuyaona yale mapango na sisi tumezaliwa hapa hatujayaingia. Ndani kuna baridi na giza na popo, nje kuna mto Mkulumuzi na miti, mimi napapenda nje kuliko ndani. Au mwelekee kusini mpaka Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, pale pametulia mno, ila ni makaburi kwa hiyo mnajua adabu yake.

Na kwa siku ambazo huwezi kutoka kabisa, panda kitu uani. Kuna ua dogo la rangi ya zambarau linaota kwenye miamba yenye kivuli huku kwetu Usambara, mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake Ujerumani na leo liko kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima, watu wa majiji makubwa wanaliweka karibu na kitanda walitazame. Wewe sio lazima liwe hilo, na la msituni usiling'oe, panda mrehani kwenye ndoo iliyopasuka, kaa nao dakika kumi kabla ya Alfajiri, kabla hujawasha jiko. Mumeo mwambie saa moja hiyo ni sehemu ya biashara maana wewe ukianguka hakuna kitumbua. Na hizo spika za matangazo zikizidi mnaweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa wengi, sheria ya mazingira ya 2004 inahesabu kelele kama uchafuzi na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wanahusika nayo.

SWALI: Shangazi nimenunua kiwanja karibu na bahari upande wa Pangani ili nikistaafu nikapumzike mbali na makelele. Sasa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo inawekwa lami na watu wanasema kimya kitakwisha. Niuze?
Mstaafu Mtarajiwa, Tanga

JIBU: Kaka usiuze kwa hofu ya lami. Lami hiyo hiyo ndio itakufikisha hospitali ukiwa na miaka sabini, na wenzetu wa Pangani wameingoja muda mrefu sana. Magari yatapita barabarani, wewe kaa mbali na barabara.

Mi hofu yangu iko upande wa pili, upande wa maji. Waulize wazee wa Pangani habari ya kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na mivinje mirefu, kasa walikuwa wanapanda kutaga, kikawekwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Miti ikaisha, mawimbi yakala udongo, leo ni fungu la mchanga tu ambalo maji yakijaa linafunikwa, na mayai ya kasa wanaotaga pale yanahamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Hakikuchukua hata umri wa mtu mmoja.

Kwa hiyo mikoko kama ipo mbele ya kiwanja chako usikate hata mmoja ili upate kuona bahari vizuri, na wakija wa kukata waambie hapana. Sheria yenyewe inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa bahari, kwa hiyo pima kabla hujaleta hata tofali moja, na ikikubakia nafasi ndogo jenga nyumba ndogo. Na usipime siku ya kawaida. Ngoja bamvua kubwa la kipindi cha kusi, mchukue mvuvi mzee wa hapo hapo akuoneshe kwa mguu wake maji yaliwahi kufika wapi, hapo ndio uanzie kuhesabu.